Mirathi, Balagha na Hila

Katika maktaba za vyuo vya leo, kitabu cha mirathi ya akiba za uzeeni hukaa pamoja na vitabu vya sheria na fedha. Kitabu cha balagha hukaa pamoja na vitabu vya lugha. Kitabu cha maadili ya roboti hakina makao ya hakika. Mara huwekwa penye falsafa, mara penye ufundi. Msomaji atakaye vyote vitatu hana budi kupanda ngazi na kushuka, na akionekana na vyote mkononi, hudhaniwa kuwa ni mtu asiyejua anachokitafuta. Walakini ulikuwako mji mmoja ambao, katika muda usiozidi umri wa mtu, ulipata kitabu kikubwa cha kila moja ya elimu hizi tatu. Mji huo ulikuwa Baghdad, na wakati wenyewe ulikuwa karne ya tisa.

Wa kwanza kati ya watunzi hao alikuwa Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa hesabu na nyota katika siku za Khalifa Al-Maamun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata mwaka 833. Kitabu chake cha Al-Jabr wal-Muqabala kimeipa dunia neno aljebra, na jina lake mwenyewe, lilipotamkwa na Walatini, likazaa neno algoriti, ambalo leo ni jina la kila kanuni inayofuatwa na kompyuta hatua kwa hatua. Hayo yanajulikana sana. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba karibu nusu ya kitabu hicho ni hesabu za wosia na mirathi. Katika dibaji yake Al-Khwarizmi alieleza kwamba aliwakusudia watu wenye haja ya hesabu katika urithi, wosia, migawanyo, mashauri, biashara, upimaji wa ardhi na uchimbaji wa mifereji. Marehemu na warithi wake ndio waliotajwa mwanzo.

Swali lake la kwanza katika mlango wa wosia lastahili kutazamwa kwa makini. Mtu amekufa, ameacha wana wawili. Ameusia theluthi ya mali yake apewe mtu asiye wa jamaa. Fedha iliyopo ni dirhamu 10, na dirhamu 10 nyingine ni deni analodaiwa mmoja wa wanawe. Kila mmoja apate nini? Al-Khwarizmi alikiita kile kiasi cha deni kitakachohesabiwa kuwa fungu la mdaiwa kwa neno "shai", yaani kitu. Mali basi ni dirhamu 10 na kitu. Ondoa theluthi ya mtu wa nje. Zitabaki dirhamu 6 na theluthi mbili, pamoja na theluthi mbili za kitu. Wagawie wana wawili. Kila mmoja atapata dirhamu 3 na theluthi moja, pamoja na theluthi ya kitu. Na kwa kuwa fungu hilo ndilo kitu chenyewe, kitu ni dirhamu 5. Mtu wa nje anachukua 5, mwana asiye na deni anachukua 5, na mdaiwa anahesabiwa 5 kutoka katika deni lake.

Hesabu ni safi, wala haina pa kuitia ila. Lakini mdaiwa alidaiwa 10, na zilizohesabiwa ni 5 tu. Tano zilizobaki zimekwenda wapi? Hakuna hatua moja ya aljebra iliyozitafuna. Mfasiri wa Kiingereza, Frederic Rosen, aliyekichapisha kitabu hiki mwaka 1831, alilazimika kueleza katika maelezo yake kwamba hapo ipo kanuni ya mafakihi: mwana anayedaiwa zaidi ya fungu lake hubaki na deni lote, sehemu kwa kuwa ni fungu lake, na ziada kwa kuwa ni kipawa cha baba yake. Kanuni hii haikutoka katika hesabu. Ilikuwa imekwisha amuliwa na watu walioketi wakajadiliana juu ya baba, mwana, deni na huruma, ndipo mwenye hesabu akapewa kazi yake. Mwana wa pili, aliyelipa madeni yake yote, aliweza kunung'unika, na manung'uniko yake yasingejibiwa kwa aljebra.

Robert wa Chester alipokitafsiri kitabu hiki kwa Kilatini huko Segovia mwaka 1145, sehemu ya mirathi haikutiwa. Ulaya ilipata njia ya kutafuta kitu, haikupata wafiwa waliokuwa wakikingojea. Huenda ndiyo sababu wasomaji wa baadaye walidhani kwamba aljebra ilizaliwa peke yake, bila kesi na bila kilio.

Mtunzi wa pili alikuwa Amr bin Bahr, anayejulikana kwa jina la Al-Jahiz, mtu wa Basra aliyeishi miaka mingi Baghdad. Alikuwa mwandishi mwenye mzaha, mwenye kupenda kisa, asiyeweza kufuata njia iliyonyoka kwa kurasa mbili. Kitabu chake Al-Bayan wal-Tabyin ni miongoni mwa misingi ya elimu ambayo Waarabu waliita balagha, nasi katika Kiswahili tumelipokea neno hilo bila kulibadili. Hufungua kwa kumwomba Mungu amkinge na balaa mbili za ulimi, kushindwa kusema na kusema kupita kiasi. Humtaja Nabii Musa na uzito wa ulimi wake. Husimulia habari za Wasil bin Ata, mwanachuoni aliyeshindwa kutamka herufi ya ra, naye akahutubia watu muda mrefu bila kuitumia, akiliepuka kila neno lenye herufi hiyo na kuchagua jingine papo hapo. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya darasa atafahamu ajabu ya jambo hilo.

Katika kitabu hicho Al-Jahiz alizitaja njia tano ambazo kwazo maana hutoka kwa mtu ikamfikia mwingine: tamko, ishara, kuhesabu kwa vidole, maandishi, na hali ya kitu chenyewe inayojieleza bila ulimi. Njia ya tatu ndiyo ya kuangaliwa hapa. Wafanyabiashara wa siku zile walikuwa na namna ya kukunja vidole ili kuonyesha tarakimu, na Al-Jahiz aliiweka pamoja na lugha. Kwake hesabu haikuwa adui wa ufasaha, bali ilikuwa chumba kimoja katika nyumba yake. Mwenye kuonyesha tarakimu kwa vidole anamwonyesha mtu fulani, kwa haja fulani, na huyo anayeonyeshwa ana haki ya kuuliza.

Wayunani walikuwa wamelisema jambo la namna hii mapema zaidi, kwa njia ya ukali. Katika mazungumzo yake yaitwayo Phaedrus, Plato aliyalaumu maandishi kwa sababu hayawezi kujibu. Ukiyauliza, hurudia neno lile lile. Aristotle, katika vitabu vyake vitatu vya balagha, alifundisha kwamba msikilizaji hushawishika kwa hoja, kwa kuguswa moyo, na kwa tabia ya msemaji, na kwamba tabia hiyo hujengwa kwa busara, wema na nia njema kwa wanaomsikiliza. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiarabu, na wanafalsafa wa Kiislamu wakakiweka miongoni mwa vitabu vya mantiki, mahali panapowashangaza wengi leo. Naye Quintilian wa Rumi, aliyeandika vitabu 12 mwishoni mwa karne ya kwanza, hakukubali hata kidogo kumwita msemaji mtu ambaye si mwema. Sharti hili limechekwa mara nyingi, kwa kuwa dunia haikukosa waovu wenye maneno matamu. Walakini linasema jambo moja bila kificho: nyuma ya usemi yupo mtu, naye aweza kuulizwa.

Waliobaki ni ndugu watatu, Muhammad, Ahmad na Hasan, wana wa Musa bin Shakir. Kitabu chao cha mwaka 850 au karibu yake chaitwa Kitab al-Hiyal, yaani Kitabu cha Hila, na ndani yake mna vyombo vipatavyo mia: vikombe, mabirika, chemchemi na taa zinazojiendesha kwa nguvu za maji, hewa na uzito. Walieleza pia chombo cha kupuliza zumari kwa nguvu ya maji bila mpulizaji. Msemaji wa Kiswahili akisikia neno hila hufikiri ujanja na ulaghai. Katika Kiarabu neno hilo lilibeba mambo mawili, werevu wa fundi na werevu wa mdanganyifu. Sisi tulilichukua tukaacha nusu yake baharini. Tena vyombo vingi vya ndugu hao vilikusudiwa hasa kumshangaza mgeni karamuni, kwa birika linalomimina kinywaji hiki kisha kile kutoka mdomo mmoja. Kwa hiyo nusu tuliyobaki nayo haikuwa nusu mbaya ya kuelewea mambo yatakayofuata.

Elimu hizi tatu zikaendelea kila moja na watu wake. Al-Jazari alikamilisha mwaka 1206 kitabu kikubwa zaidi cha mashine, chenye sanamu ya mjakazi anayetoa kinywaji. Hesabu za mirathi, zinazoitwa faraidhi, zikawa kazi ya kila kadhi, hata katika pwani yetu. Balagha ikawa elimu ya wafasiri na washairi. Hapakuwa na sababu ya kuzikutanisha tena, kwa kuwa mashine haikuwa na ulimi, wala haikuwa na uwezo wa kuhesabu fungu la mtu. Sababu hiyo ilipatikana katika karne ya ishirini.

Neno roboti lilitoka katika mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Hadithi za kubuni zilishughulika na viumbe hao kwa miaka mingi. Lakini vitabu visivyo vya kubuni juu ya maadili yao vilianza kwa mtu aliyekuwa na mikono yake ndani ya kazi yenyewe. Norbert Wiener, mwanahesabu wa chuo cha MIT nchini Marekani, alitumia miaka ya Vita Kuu ya Pili akitafuta jinsi mzinga utakavyobashiri njia ya ndege ili uitungue. Vita vilipokwisha, mtafiti wa kampuni moja ya ndege alimwomba nakala ya maandishi yake, naye akakataa. Barua yake ya kukataa ilitangazwa katika gazeti la Atlantic Monthly mwezi Januari 1947. Mwaka 1948 alitoa kitabu cha Cybernetics, na mwaka 1950 akatoa kingine kwa wasomaji wa kawaida, juu ya namna binadamu anavyopasa kutumiwa kwa ubinadamu. Katikati ya miaka hiyo, Agosti 1949, alimwandikia Walter Reuther, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa magari, akimwonya kwamba viwanda visivyohitaji mikono ya watu viko njiani.

Katika vitabu vyake Wiener alirudia hadithi mbili. Moja ni ya W. W. Jacobs, juu ya mkono wa nyani wenye uwezo wa kutimiza maombi: wazazi waliomba paundi 200, nazo zikaja kama fidia ya mtoto wao aliyekufa ndani ya mashine kiwandani. Ya pili ni ile ya mvuvi na jini, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliizoea katika Alfu Lela Ulela. Maana aliyoitaka ilikuwa wazi. Mashine hutimiza lililosemwa, haitimizi lililokusudiwa. Na ikiwa inakwenda kwa kasi kupita akili ya bwana wake, bwana huyo atagundua kosa la maneno yake wakati ambapo halirekebishiki tena. Hili ni somo la balagha kabla halijawa somo la ufundi. Na yafaa kukumbuka jinsi mvuvi alivyookoka. Hakuwa na nguvu wala silaha. Alimwambia jini kwamba hasadiki kiumbe mkubwa namna ile aliweza kuingia katika chupa ndogo, na jini akarudi ndani ili kumthibitishia. Mvuvi aliokolewa na hila ya maneno. Wiener alifariki Stockholm mwezi Machi 1964, wakati kitabu chake cha mwisho juu ya mambo haya, God & Golem, Inc., kilikuwa kikitoka. Hakuiona mashine ikijifunza hila hiyo ya mvuvi.

Aliyeifundisha alikuwa katika chuo kile kile. Joseph Weizenbaum alizaliwa Berlin mwaka 1923, na mwaka 1936 jamaa yake, waliokuwa Wayahudi, walikimbilia Marekani. Alikuwa amefanya kazi ya kuunda mashine za hesabu za benki kabla ya kuitwa MIT mwaka 1963. Tangu mwaka 1964 hata mwaka 1966 alitunga programu aliyoiita Eliza, kwa jina la yule msichana wa Shaw aliyefundishwa kusema kama mwungwana. Mtu aliandika maneno yake kwa taipu, na mashine ikamjibu kwa taipu. Katika sura yake iliyopata umaarufu ilijifanya daktari wa nafsi wa namna anayemrudishia mgonjwa maneno yake mwenyewe. Mtu akitaja mama, iliuliza habari za jamaa; akisema kwamba ana huzuni, iliigeuza sentensi yake kuwa swali. Isipopata neno la kushika, ilimwomba aendelee. Haikujua mama ni nini wala huzuni ni nini. Hiyo ndiyo hila yake yote.

Kilichomshtua Weizenbaum kilikuwa watu. Karani wake, aliyemwona akiitunga programu hiyo kwa miezi mingi na aliyejua kwamba haina kitu ndani, alianza kuongea nayo, na baada ya sentensi chache akamwomba bwana wake atoke chumbani. Tena walikuwako madaktari walioichukua kwa dhati. Katika mwaka ule ule wa 1966, Kenneth Colby wa Stanford na wenzake wawili waliandika kwamba mashine ya namna hiyo ingeweza siku moja kuhudumia wagonjwa mia kadhaa kwa saa moja. Weizenbaum hakukasirishwa na mashine. Alitaka kujua daktari anaionaje kazi yake mwenyewe, hata akadhani kwamba sehemu yake ya lazima imo katika mbinu na haimo katika kumfahamu mgonjwa.

Msomaji wa Aristotle atalitambua jambo hili mara moja. Zile sifa tatu za msemaji, busara, wema na nia njema, msikilizaji huzisoma katika usemi wenyewe. Kwa muda wa miaka elfu mbili na zaidi palikuwa na shaka moja tu, kwamba mtu aweza kuziigiza. Sasa palitokea usemi uliozionyesha bila mtu wa kuigiza.

Hapo hapana budi kumwingiza mtu ambaye vitabu vya roboti humtaja kwa nadra. Chaïm Perelman alizaliwa Warsaw mwaka 1912, akakulia na kufundisha Ubelgiji, na wakati majeshi ya Ujerumani yalipoikalia nchi hiyo alishiriki katika kamati ya siri iliyowakinga Wayahudi. Mwaka 1945 alichapisha uchunguzi wake juu ya haki. Aliona kwamba watu wote hukubali kuwa wanaofanana watendewe sawa; shida ni kujua wanafanana kwa nini. Kila mtu apewe kwa kadiri ya stahili yake, au kazi yake, au haja yake, au daraja lake? Mantiki ya hesabu, aliyoisoma sana, haikuweza kuchagua. Ilibaki kusema kwamba uchaguzi huo hauna sababu, jambo ambalo mtu aliyetoka katika miaka ile hakuweza kulikubali kwa moyo mwepesi. Alitafuta mantiki ya hukumu za thamani, asiipate, akaishia mahali asipopatazamia, katika vitabu vya kale vya balagha. Baada ya miaka kama kumi ya kazi, yeye na Lucie Olbrechts-Tyteca walitoa mwaka 1958 kitabu kikubwa cha balagha mpya. Msingi wake ni kwamba hakuna anayeshauriana juu ya jambo ambalo jawabu lake ni la lazima. Watu hutoa hoja pale ambapo hesabu haifiki, na hoja zao zaweza kuwa nzuri au mbaya bila kuwa hesabu.

Mwaka 1976 Weizenbaum alitoa kitabu chake juu ya nguvu za kompyuta na akili ya binadamu, na katika jina lake dogo alitaja safari ya kutoka hukumu hadi hesabu. Shabaha yake iko karibu sana na ya Perelman. Kuamua, alisema, ni kazi inayoweza kupangiwa kanuni. Kuchagua ni jambo jingine, nalo hutoka katika maisha ya mtu. Kwa hiyo swali la kwanza si kama kompyuta yaweza kumhukumu mshtakiwa au kumtibu mwenye huzuni, bali ni kama yapasa kupewa kazi hiyo. John McCarthy, mmoja wa waasisi wa elimu ya akili bandia, alikuwa ameuliza ni kitu gani anachokijua hakimu ambacho haiwezekani kuiambia kompyuta, na jawabu lake lilikuwa kwamba hakuna. Aliposoma kitabu alikijibu kwa ukali. Alisema kwamba kukemea kwa hasira bila kuonyesha mipaka dhahiri huwafungulia mlango wababe wanaotaka kuamulia wengine.

Katika shindano hilo wasomaji wengi humpa ushindi mmoja au mwingine kwa haraka. McCarthy alikuwa na haki katika jambo moja: Weizenbaum alichora mpaka kwa mkono unaotetemeka, na mara nyingine aliwaita wenzake majina badala ya kuwajibu. Lakini swali la McCarthy lilipotoka shabaha. Yamkini hakimu hajui jambo lolote lisiloweza kuandikwa. Hata hivyo hakimu hutoa sababu mbele ya mtu anayehukumiwa, na mtu huyo, au wakili wake, aweza kumjibu. Hukumu ni mazungumzo yaliyofikia mwisho, wala si ghala ya habari. Al-Jahiz angeuliza maana imetoka kwa nani.

Jinsi mambo haya yanavyogusa maisha ya watu huonekana vizuri kuliko popote katika mambo ya mirathi, na hasa mirathi ya akiba za uzeeni nchini Marekani, ambako vitabu vya kuwaongoza warithi vimekuwa vinene kama vya faraidhi. Sheria ya mwaka 1974 iliweka taratibu za akiba za wafanyakazi, na mwaka huo huo ikaanzisha akaunti za uzeeni za mtu binafsi. Sheria ya mwaka 2019 iliwataka warithi wengi wasio mume au mke kuimaliza akaunti waliyorithi kabla ya kwisha mwaka wa kumi baada ya kifo. Isipokuwa mtoto mdogo wa marehemu, mlemavu, mgonjwa wa siku nyingi, na mtu ambaye umri wake haupungui ule wa marehemu kwa zaidi ya miaka 10. Hayo mashine huyahesabu bila taabu. Na juu ya yote hayo iko fomu ambayo mwenye akiba huandika jina la atakayemrithi. Kwa kawaida fomu hiyo huushinda wosia.

Mfanyakazi mmoja wa kampuni ya kemikali alijaza fomu yake mwaka 1974 akamwandika mkewe. Mwaka 1994 waliachana, na katika hati ya talaka mke huyo alikubali kutodai chochote katika akiba ile. Mume hakuibadili fomu. Alipokufa mwaka 2001, binti yake alidai fedha hizo, dola zipatazo 400,000, kwa niaba ya mali ya marehemu. Mwenye kusimamia akiba akaitazama fomu, akamlipa yule mtalaka. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Januari 2009 majaji wote kwa kauli moja wakasema kwamba msimamizi alifanya sawa. Kazi yake ilikuwa kufuata hati za mpango.

Mtu aweza kusema kwamba huu ndio utawala wa mashine hata kabla mashine haijaguswa. Fomu iliulizwa, nayo, kama maandishi ya Plato, ikarudia neno lile lile. Lakini hukumu yenyewe haikuwa fomu. Majaji walieleza kwa nini yafaa msimamizi asiachiwe kupima nia za marehemu: kwa sababu angelazimika kuingia katika kila talaka na kila ugomvi wa jamaa, na warithi wote wangengoja, na gharama ingewaangukia wao. Sababu hizo zaweza kukubaliwa au kukataliwa. Ni hoja, za namna ile ile iliyowafanya mafakihi wamwachie mwana dirhamu tano ambazo aljebra haikuziona. Uamuzi wa kwamba hapa hesabu itawale haukutoka katika hesabu. Ulitoka kwa watu wenye majina, waliotia saini zao, na ambao hoja zao binti yule aliweza kuzisoma hata kama hazikumpendeza.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo Weizenbaum aliitafuta bila kupata maneno yake kamili. Kanuni ambayo watu waliijadili, kisha wakaikabidhi kwa mashine, ina mahali pa kurudi. Mashine inayojitungia kanuni kutokana na mifano elfu na elfu, kama zifanyavyo nyingi za leo, huzaa uamuzi ambao hakuna aliyeutolea hoja. Na zile zinazoweza sasa kuandika hoja ndefu na fasaha kwa lugha yoyote, Kiswahili kikiwamo, zinaandika baada ya Eliza, wala si baada ya majaji. Ufasaha wao ni mkubwa kupita wa Eliza kwa kiasi kisichopimika. Swali la karani aliyeomba kuachwa peke yake chumbani halijabadilika hata kidogo.

Weizenbaum alirudi kukaa Berlin mwaka 1996, akafariki mwaka 2008 akiwa bado anazunguka na kuhutubia. Mwaka uliofuata ndipo ilipotoka hukumu ya fomu. Katika tanbihi ya hukumu hiyo majaji waliacha jambo moja bila kuliamua: kama fedha zikiisha kulipwa, je, mali ya marehemu yaweza kumshtaki mtalaka ili azirudishe, kwa kuwa aliahidi kutozidai? Mwaka 2012, katika shauri la watu wengine, mahakama ya rufani iliyoko Philadelphia ilijibu kwamba yaweza. Msimamizi alipe kwa fomu; kisha wafiwa wakutane mahakamani na mtalaka, wakiwa na hati ya talaka mkononi, na kila upande useme.